Bhutan Iliwafukuza, Dunia Ikawagawana

Mwaka 1988 maofisa wa sensa wa Bhutan, ufalme mdogo wa milimani kati ya India na China, waliposhuka kwenye wilaya za kusini wanakoishi watu wenye asili ya Nepal, walikuja na swali lililowashinda watu wengi: risiti yako ya kodi ya mwaka 1958 iko wapi? Risiti ya 1957 haikukubaliwa. Ya 1959 nayo haikukubaliwa, na aliyeileta alihesabiwa kuwa ameingia nchini baada ya siku ya mwisho, yaani 31 Desemba 1958. Mkulima ambaye babu yake aliufyeka msitu wa pale, akapanda iliki na michungwa, akamlipa mfalme kodi mwaka hadi mwaka, alitakiwa atoe karatasi ya mwaka huo mmoja, iliyokatwa miaka 30 nyuma, kutoka kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi katika eneo linalonyeshewa miezi minne mfululizo.

Hata waliokuwa nayo hawakupona wote. Sensa iliwapanga watu wa kusini katika makundi saba, F1 hadi F7. F1 alikuwa Mbhutan halisi. F7 alikuwa mgeni asiye na haki ya kuwepo. Katikati waliwekwa waliohama kisha wakarudi, waliokosekana nyumbani siku ya kuhesabiwa, wanawake wa kigeni walioolewa na Wabhutan, wanaume wa kigeni waliooa Wabhutan, na watoto wa kulea. Katika nyumba moja mume aliweza kuwa F1, mke F4 na jamaa zao wengine F7. Zoezi liliporudiwa, wapo waliokuwa F1 wakajikuta wameshushwa daraja bila kuelezwa kosa lao. Wengi walikuwa na vitambulisho vya uraia walivyopewa na serikali hiyohiyo miaka michache tu kabla, na havikuwasaidia kitu. Kwa njia hii nchi yenye watu wasiofika milioni moja ilizalisha zaidi ya wakimbizi 100,000, takriban mtu mmoja kati ya kila sita, na sehemu kubwa yao walitoka ndani ya miaka mitatu, 1990 hadi 1993.

Naandika habari hii kwa sababu siku hizi inasimuliwa kana kwamba imekwisha. Wakimbizi wa Bhutan hutajwa kama mfano wa mafanikio: zaidi ya watu 113,000 wamehamishiwa nchi nane tajiri, kambi tano kati ya saba zilizokuwa Nepal zimefungwa, kazi imekamilika. Naona tofauti. Kuhamishwa kuliwaokoa watu, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu waliopanda zile ndege baada ya kukaa kambini karibu miaka 20. Lakini kazi yote ile ilifanyika bila Bhutan kulazimishwa kujibu kama watu hawa ni raia wake au la. Swali lililoachwa bila jibu mwaka 2003 limerudi mwaka 2025, na limewarudia watu waliodhani wameshafika salama.

Wanaoitwa Walhotshampa, watu wa kusini, ni wenye asili ya Nepal, wengi wao Wahindu. Walianza kuingia Bhutan kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Wakazi wa milimani, Wangalop wa magharibi na Washarchop wa mashariki, hawakupenda kukaa kule chini kwenye joto, msitu mnene na malaria. Watawala walihitaji mikono ya kufyeka na walipa kodi wa kutegemewa, na Wanepali wakawa ndio hao. Watu wa kusini walilipa kodi kwa fedha taslimu wakati wa milimani wengi wakilipa kwa mazao na kazi za mikono. Serikali ilifaidika na makazi yale kwa vizazi. Mwaka 1958, chini ya mfalme wa tatu Jigme Dorji Wangchuck, sheria ya kwanza ya uraia ilitoka: mtu mzima aliyeishi nchini zaidi ya miaka kumi na kumiliki shamba angeweza kuwa raia. Walhotshampa wakaingia rasmi katika taifa. Watoto wao wakasoma, baadhi wakawa walimu, madaktari, wahandisi na maofisa wa serikali huko Thimphu, mji mkuu.

Sheria ya 1977 ilikaza masharti, na ile ya 1985 ikafunga mlango. Kuanzia hapo mtoto alihitaji wazazi wote wawili wawe raia. Asiyekuwa hivyo alipaswa kuthibitisha kwamba alikuwa mkazi kabla ya mwaka 1958 kwisha na kwamba jina lake limo katika daftari la wizara ya mambo ya ndani. Aliyetaka uraia wa tajinisi alidaiwa miaka 15 au 20 ya ukazi, ujuzi wa kuzungumza, kusoma na kuandika Kidzongkha, lugha ya taifa, na rekodi safi ya kutowahi kusema wala kutenda jambo dhidi ya mfalme, nchi na watu wake. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuja kuwanasa wengi, maana kulalamikia sensa kulihesabiwa kuwa ni kusema dhidi ya nchi.

Lazima niseme kwamba hofu ya watawala wa Bhutan ilikuwa na chanzo. Jirani yao Sikkim ulikuwa ufalme mdogo wa Kibudha uliojaa wahamiaji wa Kinepali. Mwaka 1975 ufalme huo ulifutwa na nchi ikamezwa na India, na hao wenye asili ya Nepal, waliokuwa wengi, walishiriki kuuangusha utawala wa kifalme. Kati ya 1986 na 1988 Wanepali wa Darjeeling, hatua chache kutoka mpaka wa Bhutan, walifanya fujo kubwa wakidai jimbo lao la Gorkhaland. Ni kweli pia kwamba miradi ya barabara iliyoanza miaka ya 1960 ilileta vibarua kutoka Nepal na India, na baadhi yao hawakurudi kwao. Nchi ndogo iliyobanwa kati ya India na China ina haki ya kujua nani anaishi ndani ya mipaka yake. Lakini kujua nani anaishi ni kazi tofauti na kuchagua nani hatakiwi, na tofauti hiyo inaonekana kwenye masharti yenyewe. Sensa iliyolenga kuwakamata wahamiaji wapya ingetafuta walioingia mwaka 1970 au 1980. Hii ilimhukumu aliyezaliwa hapo kwa risiti ambayo baba yake hakuitunza.

Tena hata idadi yenyewe ya wananchi ilikuwa ya kisiasa. Bhutan ilipoingia Umoja wa Mataifa mwaka 1971 ilisema ina watu wapatao milioni moja. Karibu miaka 20 baadaye mfalme mwenyewe akataja watu 600,000. Pakiwa na hesabu ya aina hiyo, mtu yeyote akitoka mbele kusema kuwa wageni wamekuwa wengi kupita kiasi, anasema kwa kutegemea takwimu ambazo hata serikali haikuwa nazo.

Sensa haikuja peke yake. Mpango wa sita wa maendeleo, ulioanza 1987, ulibeba kaulimbiu ya taifa moja na watu wamoja. Januari 1989 ikatoka amri ya mfalme ya kuwataka wananchi wote wafuate driglam namzha, adabu na mavazi ya watu wa milimani: gho kwa wanaume, kira kwa wanawake. Vitambaa vizito vilivyofumwa kwa ajili ya baridi vikalazimishwa kwa watu wanaolima mashamba ya tangawizi kwenye joto, na polisi wakawatoza faini walioonekana bila vazi. Mwaka huohuo Kinepali kikaondolewa mashuleni. Mtu aliyeambiwa kuwa si raia kwa sababu ya risiti, kisha akaambiwa kuwa hata akiwa raia nguo yake na lugha yake haziruhusiwi, alielewa vizuri kinachoendelea.

Tek Nath Rizal alikuwa mjumbe wa baraza la ushauri la mfalme akiwawakilisha watu wa kusini. Aprili 1988 alimwandikia mfalme Jigme Singye Wangchuck kumweleza mateso yaliyoletwa na sensa. Alikamatwa, akavuliwa cheo, akakimbilia Nepal. Mwaka 1989 alichukuliwa kutoka Nepal na kurudishwa Bhutan, akakaa jela hadi Desemba 1999. Kosa lake la kwanza lilikuwa barua aliyoiandika kwa njia iliyoruhusiwa, kwa mtu aliyepaswa kuandikiwa.

Septemba 1990 watu wa kusini waliandamana wilaya kwa wilaya. Baadhi ya waandamanaji walichoma mavazi ya taifa na nyaraka za sensa, na vikundi vya vijana vilifanya ukatili dhidi ya viongozi wa vijiji walioonekana kushirikiana na serikali. Sitayaficha hayo. Jibu la dola liliwaangukia wote: jeshi likaingia, shule nyingi za kusini zikafungwa na nyingine zikageuzwa kambi za askari, hospitali zikasimamisha huduma, watu wakakamatwa kwa mamia na kuteswa, wanawake wakabakwa. Kukatokea karatasi nyingine, cheti cha polisi cha kutokuwa na pingamizi. Bila hicho mtoto hakuandikishwa shule, mkulima hakuuza mazao yake, kijana hakupata kazi serikalini. Ukiwa na ndugu aliyeandamana au aliyekimbia, cheti hukipati.

Halafu zikaja fomu za kuhama kwa hiari. Hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo, maana hizi fomu ndizo Bhutan inazozitumia hadi leo kama utetezi wake. Wakimbizi wengi wamesimulia jambo linalofanana, kila mmoja kwa wakati wake na kutoka kijiji chake. Ofisa anaita familia, anaweka mbele yao karatasi iliyoandikwa Kidzongkha, lugha ambayo wakulima wengi wa kusini hawakuweza kuisoma. Anasema watie saini au dole gumba. Wanapewa fidia ndogo ya shamba, wengine hawapewi. Wanapewa siku za kuondoka. Kisha wanasimamishwa mbele ya kamera na kuambiwa watabasamu. Picha hizo na fomu hizo zikawekwa kwenye majalada, na miaka mingi baadaye serikali ikazifungua mezani na kusema: hawa walihama wenyewe, tena wakicheka.

Bhutan na Nepal hazipakani. Katikati yake kuna kipande cha ardhi ya India, na waliofukuzwa walipita Assam na West Bengal ambako polisi wa India hawakuwaruhusu kutulia. Walipakiwa kwenye malori hadi mpaka wa Nepal. Wengi waliishia kwenye mchanga wa kingo za mto Mai, wilaya ya Jhapa, wakajenga vibanda vya mianzi na plastiki. Mwishoni mwa 1991 na mwanzoni mwa 1992 watoto wengi walikufa pale kwa surua, kuhara na utapiamlo kabla UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na mashirika mengine hayajapanga huduma. Zikafunguliwa kambi saba: tatu za Beldangi, pamoja na Timai, Goldhap, Khudunabari, na Sanischare iliyoko wilaya ya Morang. Kufikia 2007 zilikuwa na watu wapatao 108,000. Mpango wa Chakula Duniani ulileta mchele, Caritas Nepal ikaendesha shule, na watoto wa kambini wakawa wanafaulu vizuri. Walikosa kibali cha kazi, ardhi na hati ya kusafiria, maana Nepal, kama India na Bhutan, haijatia saini mkataba wa wakimbizi wa 1951.

Nepal na Bhutan zilizungumza kwa duru zipatazo 15 kuanzia 1993. Kosa kubwa lilifanyika mwanzoni kabisa, pale Nepal ilipokubali kuwagawa wakimbizi katika makundi manne: raia halali waliofukuzwa kwa nguvu, waliohama kwa hiari, wasio Wabhutan, na wahalifu. Kukubali kundi la pili lilikuwa kuzihalalisha zile fomu na zile picha. Mwaka 2001 timu ya pamoja ya uhakiki ilianza na kambi moja tu, Khudunabari, yenye watu wapatao 12,000. Matokeo yalitangazwa Juni 2003. Waliotambuliwa kuwa raia waliofukuzwa kwa nguvu walikuwa 293. Karibu asilimia 70 waliambiwa wamehama wenyewe. Karibu robo wakaambiwa si Wabhutan. Desemba 22 mwaka huo maofisa wa Bhutan walifika kambini kutangaza masharti ya waliohama kwa hiari: wangerudi kuishi kwenye kambi nyingine ndani ya Bhutan, wafanye kazi za vibarua, wakae chini ya uangalizi kwa miaka miwili, ndipo waombe uraia kwa sheria ileile ya 1985. Baadhi ya waliosikia wakarusha mawe na maofisa wakaumia. Bhutan ikaondoka na haikurudi tena mezani. Hadi leo hakuna hata mkimbizi mmoja wa kambi zile aliyerudishwa nyumbani kwa makubaliano, wala yule wa kundi la 293.

Oktoba 2006 Marekani ilitangaza kuwa iko tayari kupokea hadi watu 60,000. Nchi nyingine zikajiunga: Kanada, Australia, New Zealand, Denmark, Norway, Uholanzi, na baadaye Uingereza. Habari hiyo iliwagawa watu kambini. Wazee na viongozi wengi walisema ukienda Amerika umeiachia Bhutan ushindi. Vijana walisema wamechoka kuwa vijana wa kambini. Kulikuwa na vitisho na vurugu dhidi ya waliojiandikisha, na Mei 2007 maelfu ya waliotaka kurudi Bhutan kwa miguu walizuiwa na askari wa India kwenye daraja la mto Mechi. Ndege za kwanza ziliondoka. Kambi zikaanza kupungua, na kufikia mwisho wa 2016 zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamekwenda, wengi mno kati yao Marekani.

Nimewasoma wanaosema hili lilikuwa suluhisho bora lililopatikana, na sina ubishi na sehemu kubwa ya hoja yao. Walhotshampa wamejenga maisha katika miji ya Marekani kama Columbus, Pittsburgh, Akron na Erie. Wana maduka, mahekalu, nyumba walizonunua wenyewe, watoto wauguzi na wahandisi. Miji hiyo hiyo ndiyo iliyowapokea Wakongo waliotoka kambi za Nyarugusu, Tanzania, na Kyangwali, Uganda, na si ajabu kule kukuta Kiswahili na Kinepali vikisikika kwenye foleni moja ya kliniki. Lakini gharama haikuwa ndogo. Uchunguzi wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani uliotolewa 2012 ulionyesha kuwa kiwango cha kujiua kati ya Wabhutan waliohamishiwa kule kilikuwa kama watu 20 kwa kila 100,000, wakati wastani wa Wamarekani ulikuwa kama 12. Waliokuwa na mashamba na heshima walijikuta hawajui lugha, hawana kazi, na kila mtoto wao ana mji wake.

Kilichonisumbua zaidi ni namna Bhutan ilivyotoka salama. Kila ndege iliyoondoka Nepal iliipunguzia mzigo serikali ya Thimphu. Nchi iliendelea kuhubiri falsafa yake ya kupima maendeleo kwa furaha ya taifa kwenye mikutano ya kimataifa, ikapokea misaada, ikapitisha katiba mpya mwaka 2008. Ndani ya katiba hiyo, ibara ya sita, tarehe ni ileile: 31 Desemba 1958. Mashamba yaliyoachwa kusini, serikali ilianza mapema kuyagawa kwa familia za kutoka kaskazini. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa taarifa mwaka 2023 likiorodhesha wafungwa 37 wa kisiasa ambao wakati huo walikuwa bado gerezani, wengi wao Walhotshampa, baadhi wakiwa na vifungo vya maisha tangu miaka ya 1990. Wafadhili wakubwa hawakuyaweka haya kuwa masharti ya chochote. Ukizoea kuona nchi ikifukuza watu na nchi nyingine zikiwapokea kwa ukarimu bila kumgusa mfukuzaji, mfukuzaji anajifunza kwamba inawezekana.

Nepal nayo ina lake la kujibu. Kwa zaidi ya miaka 30 imekataa kuwapa waliobaki uraia au hata ukazi, kwa hoja kwamba kufanya hivyo ni kuisamehe Bhutan. Hoja hiyo ina nguvu ikitoka kwa serikali inayowapigania. Haina nguvu ikitoka kwa watawala ambao wenyewe wamewageuza wakimbizi kuwa biashara. Mwaka 2023 ilifichuka kashfa ya wakimbizi bandia: raia wa Nepal waliotozwa mamilioni ya rupia kwa ahadi kwamba wataandikishwa kama wakimbizi wa Bhutan na kupelekwa Marekani. Waliokamatwa na kufikishwa mahakamani ni pamoja na aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, Bal Krishna Khand, na aliyekuwa naibu waziri mkuu, Top Bahadur Rayamajhi. Wakimbizi wa kweli, kama 6,500 waliobaki Beldangi na Sanischare, wakaonekana kwa majirani zao kama sehemu ya utapeli.

Tanzania ilikuwa na hali iliyofanana kwa kiasi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 35. Waliulizwa kama wanataka kurudi au kubaki, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa tajinisi. Zoezi lile lilichelewa, lilikuwa na mivutano, na hatima ya makazi yale ilibishaniwa sana. Lakini mtoto aliyezaliwa Mishamo akapata nchi. Kenya nako Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, na serikali ikawatambua. Kwa hiyo ukiniambia kuwa Nepal haikuwa na njia ya kuwapa watu hawa hadhi yoyote huku ikiendelea kuidai Bhutan, sitakubali.

Machi 2025 Marekani ilianza kuwafukuza baadhi ya Walhotshampa waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa mbalimbali, wengine wakiwa wameshamaliza adhabu zao zamani. Kundi la kwanza la watu wapatao kumi lilishushwa uwanja wa ndege wa Paro, Bhutan. Bhutan iliwapokea, na ndani ya muda usiofika siku mbili ikawasafirisha hadi mpaka wa India na kuwatoa nje. Watu hao walijikuta upande wa pili bila hati. Baadhi wakavuka hadi Nepal, wakaonekana Beldangi, na polisi wa Nepal wakawakamata kwa kuingia nchini kinyume cha sheria hadi Mahakama ya Juu ya huko ilipoingilia kati. Makundi mengine yalifuata. Waliozaliwa kambini walipelekwa kwenye nchi ambayo hawakuwahi kuikanyaga.

Fikiria mantiki ya safari hiyo. Bhutan ilipotoa hati za kuwapokea kutoka Marekani ilikubali, angalau kwa saa chache, kwamba ni watu wake. Kama si watu wake, iliwapokea kwa misingi gani? Kama ni watu wake, iliwatoa mpakani kwa sheria ipi? Na Marekani, iliyowapokea miaka ya nyuma kwa kuamini kuwa Bhutan iliwafukuza, ilipata wapi uhakika kuwa safari hii haitawafukuza? Kosa la jinai lina adhabu yake. Kumtoa mtu kwenye kila nchi duniani si adhabu iliyoandikwa popote. Januari mwaka huohuo mpango mzima wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulikuwa umeshasimamishwa, na waliofungiwa mlango kwa idadi kubwa ni Wakongo, wengine wakiwa na tiketi mkononi. Waliotazama hatima ya Walhotshampa wakidhani haiwahusu sasa wana sababu ya kuitazama upya.

Upande wa pili, Bhutan yenyewe inakimbiwa. Vijana waliosoma wanakwenda Australia, hasa Perth, kwa maelfu kila mwaka, kiasi kwamba ofisi za serikali na shule zimepungukiwa watumishi. Desemba 2023 mfalme Jigme Khesar Namgyel Wangchuck alitangaza mji mpya wa Gelephu, zaidi ya kilomita za mraba 1,000, wenye sheria zake za uchumi, utakaowaita wawekezaji na wataalamu kutoka kila pembe ya dunia. Mji huo unajengwa wilaya ya Sarpang. Ni moja ya wilaya zilezile ambazo Walhotshampa walitolewa. Nchi iliyosema haina nafasi kwa waliozaliwa Sarpang sasa inatafuta wageni wa kuijaza Sarpang.

Sidhani kwamba watu 96,000 walioko Marekani wataacha kazi zao na kurudi kulima iliki. Wengi hawataki na hawana haja. Wanachodai ni kitu ambacho Bhutan inaweza kukitoa bila kumega ardhi yake: kuwatambua waliokuwa raia kabla ya 1988, kuruhusu watu watembelee wazazi na ndugu waliobaki kule, kuwafungua wafungwa waliokaa ndani zaidi ya miaka 30, na kukoma kuwatoa mpakani wanaorudishwa. India, ambayo ilisema hili ni suala la Nepal na Bhutan peke yao huku malori yakipita kwenye barabara zake, ndiyo jirani pekee ambaye Thimphu haiwezi kumpuuza, na wawekezaji wengi wa Gelephu watapita kwake. Nepal inaweza kuanza kesho kwa kuwapa waliobaki kambini kibali cha kazi na hati ya kusafiria, kisha iandike barua ya kuitisha duru mpya ya mazungumzo. Safari hii isikubali kuwagawa watu kwa makundi manne, na fomu zile za kuhama kwa hiari zisipokelewe kama ushahidi.